Mama Juu ya Kichuguu

Mimi ni fundi redio. Nina kibanda Sumbawanga mjini, jirani na soko, na kwa miaka ishirini na kitu kazi yangu imekuwa kusikiliza vitu vinavyokoroma na kuvifanya viseme. Redio ikiletwa kwangu siiangalii kwanza, naisikiliza. Spika iliyochanika ina mlio wake, waya uliolegea una wake, na vumbi la mahindi, ambalo katika mji huu linaingia mpaka kwenye chai, lina wake pia. Kwa hiyo nisamehewe nikisema kwamba simu ya mkononi ndiyo chombo cha hovyo kuliko vyote nilivyowahi kuweka sikioni. Redio mbovu hupelekwa kwa fundi. Simu mbovu tunaichukua hivyo hivyo, tunaipigia kelele, tunainyanyua juu hewani, tunahama nayo kutoka ukuta huu kwenda ule, na mwisho tunasema dunia imekuwa kijiji.

Kijiji gani ambacho watu hawasikilizani? Unaongea na mtu, sauti yake inakuja vipande vipande, nusu inabaki njiani. Wakati mwingine unajisikia mwenyewe ukirudi, maneno yako ya sasa hivi yanakusuta sikioni. Wakati mwingine mnanyamaza wote wawili kwa adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake, kisha mnaanza wote kwa pamoja, mnanyamaza tena. Watu wazima, tena wenye akili zao, wanafanya hivyo kila siku na hakuna anayeona aibu.

Wengine hata wanashukuru. Pale sokoni nawasikia. Mtu kasimama mbele ya kibanda changu, harufu ya dagaa imemzunguka, anamwambia mtu wa upande wa pili kwamba yuko Mbeya, anarudi wiki ijayo. Akibanwa na maswali anaweka simu mbali kidogo na mdomo, anapaza sauti: "Haloo? Haloo? Aisee mtandao unasumbua!" Anakata, ananigeukia, anacheka. Huyo ndiye anayefaidi sauti mbovu. Kila mwongo wa Sumbawanga amepata wakili wa bure.

Niliwahi kuwapigia wenyewe kampuni nilalamike. Sitaji jina, zote ni baba mmoja mama mmoja. Kwanza ikaja sauti iliyorekodiwa, ya dada mmoja, laini, safi, hakuna hata mkwaruzo. Nikasikia mpaka anavyovuta pumzi. Nikajiuliza, hii sauti inapita njia ipi ambayo ya mama yangu haipiti? Nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu, nikapigiwa muziki, hatimaye akaja kijana akanisikiliza na kuniuliza, "Mteja wetu, umejaribu kuzima simu na kuiwasha?" Ananiambia mimi! Kuzima na kuwasha ni geresha tuliyoianzisha sisi mafundi, tunawaambia wateja tukiwa bado hatujui ubovu uko wapi. Nilikata simu nikiwa nimevimba.

Lakini si hao ninaotaka kuwasema sana. Nataka kusema habari za mama yangu na macho yake.

Mama anaishi Mwazye, wilaya ya Kalambo, katika nyumba ile ile nilimozaliwa. Baba alishafariki. Dada zangu wameolewa mbali, mmoja yuko Ilemba huko bondeni, na mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo la mama ni langu. Analima mahindi na ulezi, Jumapili haikosi misa, na ana simu ndogo ya batani, hizi tunazoita kiswaswadu, ambayo nilimtegeshea mwenyewe: akibonyeza namba mbili na kushikilia, inanipigia mimi. Nyumbani kwake mtandao haufiki. Unafika kwenye kichuguu kimoja nyuma ya zizi la jirani yake, mama mmoja wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia huku na ng'ombe wao. Mama akitaka kuongea nami anapanda juu ya kichuguu kile, na sweta lake na upepo wote wa Ufipa.

Kichuguu kinampa dakika moja safi, mbili akiwa na bahati. Baada ya hapo sauti inaanza kukatika. Sasa, mtu mwingine angetumia dakika hiyo kusema lililompeleka. Mama anaitumia kusalimia. Kwetu Wafipa salamu ni shughuli. Unachutama, unapiga makofi taratibu, unauliza, unajibiwa, unauliza tena. Mama hajaona kwa nini aache adabu kwa sababu tu mtu haonekani. Anabana simu kati ya bega na shavu, anachutama juu ya kichuguu, na mimi nikiwa kibandani na chuma cha kulehemu mkononi nasikia makofi yake, pwa, pwa, pwa. Nimeamkaje mimi mwanawe. Mke wangu ameamkaje. Watoto. Mama mkwe wangu. Majirani zangu ambao hajawahi kuwaona. Mvua. Yote hayo yanafika safi kabisa. Halafu anakohoa kidogo na kusema, "Sasa baba, nilichokupigia ni hiki," na hapo hapo mtandao unaondoka.

Niliwahi kumshauri. "Mama, tuanze na habari, salamu tutamalizia."

"Wanaoanza na habari ni polisi," akasema. Hilo lilifika bila shida, maana lilikuwa bado ndani ya dakika ya kwanza.

Basi mtu unafanyaje? Unasema sawa. Na hapa niseme wazi ujinga wetu, maana tumelelewa nao. Mkubwa akisema neno na hukulisikia, unaweza kumwomba arudie mara moja. Mara ya pili unakuwa umemwambia kwamba hajui kusema. Mara ya tatu hiyo ni dharau, na habari zako zitafika kanisani kabla yako. Kwa hiyo mara ya pili tunasema sawa. Sawa, mama. Nimekusikia, mama. Nimesema sawa kwa vitu ambavyo mpaka leo sivijui. Mara moja nilikubali kumbe nakaribisha binamu akae kwangu miezi mitatu. Tulicheka, tukaishi naye, yakaisha.

Macho yake yalianza kufifia polepole. Alianza kuchambua maharage kwa vidole badala ya kuangalia. Baadaye akawa anasalimia nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Nilimpeleka hospitali mjini, wakasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na la kulia lina presha pia, hilo lisicheleweshwe, aende Mbeya. Mbeya akakataa katakata. Hajawahi kulala nje ya Ufipa, na hataanza akiwa haoni anakolala. Sikumlazimisha. Nilijiambia namheshimu, kumbe nilikuwa nakwepa safari.

Kisha mwezi wa saba hospitali ikatangaza kwamba madaktari bingwa wa macho wanakuja, siku tatu tu, Jumanne hadi Alhamisi mchana. Watu wapasuliwe hapa hapa Sumbawanga, warudi makwao wanaona. Nilifurahi mpaka nikafunga kibanda mapema. Jicho la mama lilikuwa na siku tatu, na mimi nilikuwa na kazi moja tu ya kumfikisha.

Mama alinipigia Jumapili baada ya misa, kama kawaida yake. Salamu zikapita, na makofi. Nilikuwa nimekaa nikihesabu pumzi, maana siku ile nilikuwa na jambo. Alipomaliza kuuliza habari za mama mkwe nikamdaka: "Mama, madaktari wa macho wanakuja. Jumanne asubuhi panda gari la hapo Mwazye, mimi nitakupokea stendi, tunakwenda moja kwa moja hospitali. Umesikia?"

"Sawa, baba," akasema.

Halafu akasema yake. Ilikuwa habari ndefu. Nilisikia upepo, nikasikia Jumanne, nikasikia sauti yake ikipanda mwishoni, ya mtu anayeuliza na kungoja. Nikasema, "Mama, rudia kidogo." Akarudia. Upepo ule ule, Jumanne ile ile, sauti ikapanda pale pale. Mara ya pili hiyo. Nikasema, "Sawa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Ningeweza kumpigia yule jirani wa Kisukuma jioni, namba yake ninayo. Ningeweza kupanda gari mwenyewe Jumatatu. Sikufanya hata moja, kwa sababu niliambiwa sawa, nami nilijibu sawa, na mtu aliyeambiwa sawa analala usingizi.

Jumanne nikawa stendi kabla gari halijaingia. Lilipoingia wakashuka watu, magunia, kuku wawili waliofungwa miguu, na padri mmoja mwenye mafua. Mama hakushuka. Nikapiga simu yake. Akaja yule dada wa sauti laini kunijulisha, bila mkwaruzo wowote, kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nilimtukana, Mungu anisamehe, na mtu aliyekuwa karibu akahama. Nikajiambia mama kachelewa, wazee wana mambo yao, atakuja kesho. Nikarudi kibandani kutengeneza sabufa ya mtu.

Jumatano nikawa pale tena. Gari likaingia, mama hayumo. Safari hii nilimshika konda.

"Hujaona mama mmoja mzee, anatoka Mwazye, macho hayaoni vizuri?"

"Wa sweta la kijani?" akasema. "Yule bibi mbona jana tulimsimamia, na leo tumemsimamia. Hataki kupanda. Anasema mwanawe anakuja kumchukua."

Nilisimama pale stendi nikaona maneno yote ya Jumapili, yale yaliyopotea kwenye upepo, yakijipanga yenyewe. Konda akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia anipe kiti, narudi nao.

Tulifika Mwazye jua likiwa limeinama. Alikuwa bado barabarani, amekaa juu ya kifurushi chake, kitenge cha kanisani chini na sweta juu, vumbi limempaka uso wote kwa siku mbili za magari. Jirani yake yule alikuwa amekaa naye, amemletea maziwa kwenye kibuyu. Gari liliposimama mama aliinua uso upande ambao hakuwapo mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefika." Akaanza kuchutama, akaanza makofi. Nami nikachutama barabarani mbele yake, nikajibu yote, mke, watoto, mama mkwe, mpaka mwisho. Nilikuwa na hasira za kupasua jiwe na sikujua nimpe nani.

"Mama, mbona hukupanda gari?"

"Nilikuambia mwanangu, siwezi kupanda peke yangu. Ngazi za gari sizioni. Nikakuomba uje unichukue Jumanne. Nikakuuliza mara mbili. Ukasema sawa."

"Mimi nilikuambia upande, nikupokee stendi. Ukasema sawa."

"Sikusikia hayo," akasema mama. "Nilisikia madaktari. Nikasema sawa usije ukahangaika."

Jirani yake alitutazama, mimi, kisha yeye, kisha mimi. Wasukuma hawana haraka ya kumficha mtu maneno, tena kwetu ni watani. "Nyie Wafipa," akasema, "adabu zitawaua. Kwetu mtu asiposikia anasema sijasikia, anapigiwa kelele mpaka asikie, basi." Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kesho, mchana, na barabara iliyopo kati.

Alhamisi tuliondoka alfajiri. Gari lilipakia magunia ya mahindi kila kituo, dereva akisalimiana na kila mtu utadhani ni mgombea. Karibu na Matai likapata pancha, na jeki ilikuwa imeazimwa na gari lingine. Mama alikaa dirishani akiniuliza tumefika wapi, nami nikimtajia vijiji, vingine nikivitaja kabla hatujavifikia ili asione tumechelewa. Hapo pia nilikuwa namdanganya.

Tuliingia hospitali saa tisa. Ukumbi ulikuwa unafagiliwa. Kulikuwa na viti vimepangwa ukutani na pamba chache sakafuni. Muuguzi alimwamkia mama kwa heshima, akamshika mkono, akaniambia madaktari wameondoka saa saba.

"Lakini waliotoka mbali tuliwaongezea muda," akasema. "Mbona hamkupiga simu?"

Nilimwangalia yule binti wa watu. Hakuwa na kosa lolote. Lakini nakiri kwamba kwa nukta chache nilitamani sakafu ile ipasuke imeze minara yote ya Rukwa, na kampuni zake, na mabango yake ya wasichana wanaocheka na simu, na mimi nikiwa juu yake.

Mama alikaa kwangu siku nne. Nikamwambia sasa Mbeya ni lazima. Akasema atafikiri, na akafikiri mpaka msimu wa kulima ukafika, na mwenye shamba haondoki msimu wa kulima. Mimi nikapiga simu kumhimiza, na mnajua simu zetu. Madaktari walirudi mwaka uliofuata. Safari hiyo nilimfuata siku mbili kabla, nikampakia mwenyewe, nikamshika kiuno kwenye ngazi. Daktari alimmulika muda mrefu. La kushoto wakalipasua na linaona. La kulia akalimulika, akazima tochi yake, akasema limeshakufa. "Mngemleta mwaka jana," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Mama hakunilaumu hata siku moja, na ningependa angenilaumu. Anasema jicho moja linatosha kuonea ulezi. Akija mgeni huwa anamgeuzia upande wa kushoto, na akinitazama mimi ananigeuzia huo huo. Kila akigeuza shingo namna hiyo nakumbuka mahali neno sawa liliponitoka mdomoni.

Mwaka huu wamesimamisha mnara karibu na Mwazye, kwa mbwembwe, na ngoma, na fulana za bure. Mama alipata fulana, anadekia nayo. Sauti imeongezeka nguvu, sikatai. Sasa mikwaruzo inasikika vizuri zaidi. Bado anapanda kichuguu, bado dakika ya kwanza ni ya salamu, bado la maana linaondoka na upepo. Nikiwa fundi naweza kuwaambia mnara ule wameuelekeza wapi na kwa nini, lakini hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo nimeweka sheria. Nikimaliza kusema jambo namwambia mama alirudie. Alichukia. Alisema nimemfanya mwanafunzi wa darasa la kwanza, alisema hata katekista hakumfanyia hivyo, alisema baba yangu angekuwapo ningetafuta pa kujificha. Nilishikilia. Sasa anarudia, kwa kununa, na akikosea namsahihisha, na mimi ni mtoto wake wa kumzaa. Sioni fahari.

Wiki tatu zilizopita alinipigia. Salamu, makofi, mpaka mama mkwe. Nikamwambia dawa ya matone ya jicho nimeshaipata, nitampa konda wa gari la Jumatano, aifuate barabarani. "Rudia, mama." Akarudia yote, konda, Jumatano, barabarani, mpaka na sauti yangu ya kuamrisha akaiigiza. Nikamwambia vizuri sana. Kisha akasema lake. Lilikuwa na urefu wa kutosha. Upepo ulivuma, sauti yake ikaja kama ya mtu aliyechoka, mbali sana, na mwishoni sauti ikapanda, ikangoja.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Liko pale tangu nizaliwe. Lakini mama aliniwahi.

"Haya," akasema, "na wewe rudia niliyosema mimi."

Niliweka chini chuma cha kulehemu. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na redio yake mkononi, nikamwonyesha kwa kiganja angoje. Miaka hamsini nina mama, na sikuwahi kumwambia sentensi hii.

"Sikusikia, mama."

Nikadhani imekatika.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Nilimsikia akikusanya pumzi kule juu ya kichuguu.

"Basi njoo," akasema.